PDF zinazogoma kufunguka au kusomwa kwa sauti: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, PDF ikigoma watu hukimbilia kufuta programu na kupakua nyingine, wakati mara nyingi mgonjwa ni faili lenyewe.

Ukiambiwa faili limeharibika, angalia ukubwa wake. Jedwali linaloonyesha kila ukurasa uko wapi kwa kawaida hukaa mwisho wa PDF, kwa hiyo bando likikata kwenye 90% unabaki na kurasa zisizo na ramani. Pakua upya. Kama lina KB chache tu, lifungue kwa Notepad. PDF halisi huanza na %PDF- kisha namba ya toleo. Ukikuta <!DOCTYPE html, ulichopakua ni ukurasa wa kulogin; muda wako wa kuwa ndani ya akaunti uliisha. Ingia tena ndipo upakue.

#2
Niongezee fomu zinazoganda kwenye "Please wait...". Hazijaharibika. Ni za aina ya XFA, yaani fomu za Adobe ambazo programu nyingi haziwezi kuzionyesha, kama baadhi ya fomu za viza ya Kanada, na ukikodoa macho kwenye Chrome hata saa nzima hazibadiliki. Simu nayo haisaidii. Hifadhi fomu kwenye kompyuta, kisha uifungue kwa Adobe Reader.

#3
Nije kwa wasioona na wenye uoni hafifu. Kipimo cha kwanza: bonyeza Ctrl+F, andika neno unaloliona ukurasani, au mwambie mtu akutajie moja. Lisipopatikana, hiyo ni picha ya maandishi, na kisomaskrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) hakina cha kusoma. Barua zetu nyingi ziko hivi: imechapwa vizuri kwenye Word, ikaprintiwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa. Muhuri ndio uliotuponza.

Dawa ni OCR, yaani kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi halisi. Njia nyepesi: ipandishe Google Drive, bofya kulia, ifungue kwa Google Docs. Maandishi yatatoka, ila majedwali yatavurugika. Wenye Linux, tumieni programu ya ocrmypdf kwenye terminal:

ocrmypdf -l swa --deskew barua.pdf barua2.pdf

Weka kwanza kifurushi cha Kiswahili, tesseract-ocr-swa, la sivyo itakataa. Hapa mwonekano wa ukurasa unabaki, maandishi yanawekwa chini ya picha. Skani iwe dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Ikiwa hafifu, "rn" inageuka "m", na alama ya juu ya ng' inapotea, ng'ombe anakuwa ngombe na sauti inamtamka hivyohivyo.

#4
Mkuu, faili langu maandishi yapo, lakini sauti inasoma Kiswahili kama mtalii.

#5
@4 Sauti uliyoweka ni ya Kiingereza. NVDA, kisomaskrini cha Windows, ni ya bure na inakuja na eSpeak NG, mtambo wa sauti wenye Kiswahili: bonyeza NVDA+Ctrl+V (kitufe cha NVDA kwa kawaida ni Insert), kisha chagua sauti. Ina ukakasi wa roboti, ila haihitaji intaneti. Ukitaka laini zaidi, fungua faili kwa Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U, uende kwenye orodha ya sauti: wapo Daudi na Rehema wa Tanzania, Rafiki na Zuri wa Kenya. Hao wanakula bando.

#6
Kwa uoni hafifu: kwenye Adobe Reader ya kompyuta, Ctrl+4 hupanga upya mistari, hivyo ukikuza herufi huhangaiki kusogeza ukurasa kushoto na kulia. Kwenye picha iliyoskaniwa haifanyi kitu.

#7
Wanaoandaa nyaraka nao wasikilize. Kwenye Word, kichwa cha habari kiwe Heading 1, si herufi zilizokolezwa tu; kisomaskrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kufuata hizo. Kwenye Set Proofing Language chagua Kiswahili. Ukimaliza tumia Save As, chagua PDF, ingia Options na uhakikishe "Document structure tags for accessibility" ina tiki. Usipitie Print to PDF, inatupa mpangilio wote.

Na kama lazima barua igongwe muhuri na kuskaniwa, ambatisha na ile iliyotoka moja kwa moja kwenye Word, kwenye barua pepe hiyohiyo.