Waliokaa nyumba za zamani, tupeane uzoefu

Kiraka: Leo nimemwona mtu anapaka rangi ukuta unaotoa chumvi, nikakumbuka yaliyotukuta. Rangi inavimba, ukigusa inabanduka, nyuma yake unga mweupe. Fundi wa kwanza akasema rangi feki, wa pili akasema bomba limepasuka. Kumbe nje udongo wa bustani ulikuwa umepanda hadi ukapita lile tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, maji yanaingia kwa juu yake. Tukaushusha udongo, ukuta ukaachwa ukauke miezi kadhaa, ndipo plasta. Nyie je?

Mpangaji wa Kudumu: Umenitonesha. Chumvi hiyohiyo!

Nondo16: Ukuta uliojengwa kwa chokaa msiupige plasta ya saruji. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi. Tindua yote, rudisha chokaa.

Bwana Saruji: Chokaa mambo ya kale. Mimi napiga saruji yenye dawa ya kuzuia maji, naondoka zangu.

Nondo16: Hapo kwenye kuondoka zako nakuamini.

Mama Pacha: Yenu afadhali. Kwetu koki ya bafuni ilianza kutekenya. Mdogo wangu akasema, "Dada, bomba linanichoma vidole," tukamcheka. Mvua ikinyesha ndiyo inazidi, jua likiwaka kimya, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ina wenyewe. Siku hiyo mama kashika koki, miguu iko kwenye maji, mkono ukagoma kuachia. Hakupiga kelele, alikuwa anakoroma tu. Mdogo wangu anataka kumshika, nikamvuta gauni hadi likachanika, nikakimbilia swichi kubwa, nikazima. Mama akaanguka. Mzima, ila kiganja kina alama. Fundi umeme alipotindua ukuta akakuta nyaya za zamani zile za mpira, umekauka, ukiukunja unamomonyoka. Juu yake bati lina msumari uliolegea, maji yanashukia palepale. Erthi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, hakuna. Na fyuzi mtu alikuwa kaifunga waya mnene, haikatiki hata iweje!

Mpangaji wa Kudumu: Mungu wangu. Naenda kuangalia fyuzi zetu sasa hivi.

Kiraka: Usiguse! Ita fundi.

Swichi Moto: Pole sana, dada. Wekeni ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Swichi ikipata joto au taa zikififia ukiwasha pasi, msisubiri.

Nondo16: Breka bila kubadilisha nyaya chakavu ni kujidanganya.

Swichi Moto: Nani kasema zisibadilishwe? Soma vizuri.

Penseli: Turudi kwenye nyufa. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha msiukimbilie na saruji. Weka alama ya penseli kila mwisho wake, andika tarehe, pima upana, rudia kila mwezi. Kwetu uliendelea kupanuka na mlango ukaanza kugoma kufunga. Bomba la maji machafu lilikuwa linavuja chini ya kona ya nyumba na kuchota udongo wa msingi. Bomba lilipotengenezwa, ufa ukatulia, ndipo tukauziba.

Bwana Saruji: Gundisha kipande cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, ufa unatembea.

Penseli: Hiyo kweli. Leo umesema.

Mchwa Hoyee: Na kenchi mnazigonga? Chomeka bisibisi kwenye mbao, ikizama kama kwenye keki, hama kwanza maswali baadaye 😂

Kiraka: Mama Pacha, mama anaendeleaje?

Mama Pacha: Yupo. Nyaya zote mpya, erthi ipo, lakini koki ile haigusi. Anaoga kwa kopo.

Mgeni Kidogo: Samahani, paa letu ni la asbesto na linavuja. Naweza kukata kipande kilichooza mwenyewe?

Nondo16: Usikate, usitoboe, usifagie vumbi lake. Vumbi lile linaua mapafu. Tafuta wenye kazi hiyo.

Bwana Saruji: Hapo hata mimi sipandi.