Tunauziwa mbegu za uyoga zilizokufa, kisha tunaambiwa sisi ni wachafu

Ndugu wanajukwaa,

Naandika kutoka Rau, Moshi, nikiwa na hasira ambayo nimeipa siku nne itulie na haikutulia. Mwanzoni mwa Februari nilinunua pakiti 12 za mbegu ya uyoga mamama (wengine huuita oyster), kila moja nusu kilo kwa shilingi 5,000, kutoka kwa mzalishaji wa Dar es Salaam anayejitangaza mtandaoni kila kukicha. Nililipa 60,000 za mbegu na 7,000 za kusafirisha kifurushi kwa basi. Leo mifuko 36 niliyopanda kwa mbegu yake imekuwa taka, na mtu aliyeniuzia anasema tatizo ni usafi wa nyumba yangu. Sikubali, na nitaeleza kwa nini sikubali, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi miaka mingi na kila nilichofanya nimekiandika kwenye daftari kwa tarehe.

Kifurushi kilisafiri mchana kutwa ndani ya buti la basi, kikapita Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga katika mwezi wa joto kali, kikiwa kwenye boksi lililozungushiwa selotepu pande zote bila tundu hata moja. Mbegu ya uyoga si punje kavu kama mbegu ya mahindi unayoweza kuitupa juu ya dari ukaikuta nzima mwezi unaofuata. Ni ngano au mtama uliochemshwa, ukavikwa utando wa uyoga ulio hai, na utando huo unavuta hewa na kutoa joto lake wenyewe, hivyo ukizibananisha pakiti 12 ndani ya boksi lililozibwa zinajipika zenyewe hata kabla jua halijaongeza lake. Joto likipita nyuzi 40 na kukaa hapo kwa saa kadhaa, utando wa mamama unaumia au kufa. Hili anapaswa kulijua kila anayezalisha mbegu, kwa hiyo aliyefunga boksi lile alijua anachokifanya au anauza kitu asichokifahamu, na kwangu mimi mnunuzi yote mawili ni mabaya sawa. Zaidi ya hayo, mdomo wa pakiti ulipaswa kuwa na kizibo cha pamba ili mbegu ipumue bila kuingiza vimelea, lakini zangu zilikuwa zimekunjwa na kubanwa kwa pini za steplazi, na kila pini iliacha matundu mawili wazi.

Nilipofungua pakiti ya kwanza, harufu iliyonipokea angeitambua mtu yeyote aliyekulia Uchagani: ilikuwa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha. Mbegu nzima hunukia uyoga mbichi, au udongo wa msituni baada ya mvua. Punje za pembeni zilikuwa nyeupe, na ndizo zilizoonekana kupitia nailoni, lakini za katikati zilikuwa uchi, zinateleza, na chini yake pamejikusanya maji ya njano. Nilimpigia simu muuzaji saa ile ile, kabla sijawasha moto wa kuchemshia mabua, nikamweleza nilichokiona. Akanijibu, "Mama, hiyo ndiyo harufu yake, wewe panda tu, itaamka." Ninayaandika maneno yake jinsi alivyoyasema kwa sababu kama angeniambia nisipande, hasara yangu ingekuwa mbegu peke yake.

Nilipanda. Hata hivyo, kwa kuwa roho ilisita, nilisafiri kwa Coaster hadi Tengeru, kwa kijana anayelima uyoga na kujizalishia mbegu kidogo, akaniuzia chupa ya gramu 600. Juu ya chupa hiyo alikuwa amebandika kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu: aina, tarehe, na neno "kizazi cha pili". Naomba mkikumbuke kipande hicho cha plasta, nitakirudia.

Mabua yalikuwa ya mpunga, kilo 40 makavu, niliyoyaleta kwa guta kutoka Mabogini. Niliyakatakata, nikayaloweka usiku kucha, nikayachemsha kwenye pipa kwa saa mbili kila awamu, awamu tatu, nikayaanika kwenye turubai lililofutwa kwa spiriti mpaka yakapoa kabisa na ukiyakamua mkononi yanatoa matone mawili matatu tu. Awamu zote tatu nilizichanganya pamoja. Ilipatikana mifuko 40 ya kilo tatu tatu, na kila mmoja niliupa gramu 150 za mbegu, yaani asilimia 5 ya uzito wa mabua yaliyolowa, ambacho ni kiwango kinachokubalika. Mifuko 36 niliipanda kwa pakiti 11 za Dar es Salaam, na mifuko minne kwa chupa ya Tengeru. Ilikuwa siku moja, tarehe 6 Februari, mikono ile ile, meza ile ile, kisha yote ikalala kwenye kichanja kimoja katika chumba kimoja cha giza, nikiwa nimeipanga kwa kuichanganya ili asije mtu akasema upande mmoja ulikuwa na joto zaidi.

Tarehe 20 Februari mifuko minne ya Tengeru ilikuwa imeshavaa weupe zaidi ya nusu. Kati ya ile 36, mifuko 29 ilikuwa na ukungu wa kijani ulioanzia kwenye punje za mbegu zenyewe na kusambaa kuelekea kwenye mabua, mitano ilikuwa imelowa na kunuka bila dalili yoyote ya uhai, na miwili ilikuwa na mabaka meupe ambayo nayo yalimezwa na ukungu wiki iliyofuata. Ile minne ya Tengeru ikakamilisha weupe tarehe 6 Machi, na tarehe 17 Machi nikachuma gramu 1,900 katika mchumo wa kwanza.

Sasa mtu anieleze, uchafu wangu uliichagua vipi mifuko ya kuingia? Najua wakulima tunakosea. Ningepanda mabua yakiwa bado ya moto, mifuko yote 40 ingekufa. Ningeacha maji mengi, yote 40 ingechacha. Mlango wangu ungekuwa unaingiza vumbi, ukungu ungeanzia juu ya mifuko au kwenye matundu, tena kwa mifuko yote bila kubagua. Ukungu unaoanzia kwenye punje mara nyingi huwa umekuja na punje. Nilipomtumia muuzaji picha na tarehe zote hizi, aliandika kwamba Moshi kuna joto sana kwa uyoga. Nilipomkumbusha kwamba mifuko minne iliyokaa katika joto hilo hilo ilikuwa inastawi, aliizuia namba yangu, na tangu hapo simu zangu haziiti.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sipo peke yangu. Wifi yangu wa Machame yupo kwenye kikundi cha akina mama waliochukua fedha za kikoba kununua mbegu kwa muuzaji mwingine, aliyewaahidi kwamba atanunua uyoga wao wote. Mifuko ikaoza, muuzaji akawaambia hawakuhudhuria mafunzo yake ya kulipia, na sasa wale akina mama wanaoneana haya kikaoni, kila mmoja akidhani mikono yake ndiyo iliyoua mifuko. Kosa linahamishiwa kwa mtu ambaye hana namna ya kuthibitisha alichouziwa.

Hapo ndipo ninapokirudia kile kipande cha plasta. Nenda duka lolote la pembejeo hapa mjini, nunua pakiti ndogo kabisa ya mbegu ya sukuma wiki: utakuta aina, namba ya shehena na tarehe. Mbegu ya mahindi iliyothibitishwa inabeba lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Lakini mbegu ya uyoga, inayoharibika haraka kuliko hizo zote, tunauziwa kwenye nailoni tupu, na tunaona ni kawaida.

Tarehe ya kuzalishwa ni ya lazima kwa sababu mbegu iliyokwisha kuenea utando inaendelea kula nafaka yake, inazeeka, na ikikaa wiki nyingi dukani bila ubaridi inabaki ganda. Aina nayo ni ya lazima, maana uyoga haufanani. Muuzaji wangu alinishauri pakiti zitakazobaki niziweke kwenye friji, bila kuniambia kama ni mamama mweupe, wa kijivu au wa waridi, ilhali mamama wa waridi ni wa nchi za joto na utando wake hufa kwenye baridi ya friji ambayo wenzake wanaivumilia. Wapo pia wanaotangaza "mbegu ya uyoga wa hoteli" bila maelezo, na mteja anadhani atavuna uyoga kifungo, ule mdogo wa mviringo, kwenye mabua yaliyochemshwa, wakati uyoga kifungo unataka mboji iliyoandaliwa kwa wiki kadhaa, udongo wa kufunika juu, na ubaridi ambao Moshi mjini mwezi Februari huupati bila mashine.

Na kizazi. Mzalishaji wa kweli anaanza na utando safi kwenye sahani ya agari (rojo la kukuzia utando maabara), anaupandikiza kwenye nafaka kupata mbegu mama, na kutoka mbegu mama anatengeneza mbegu ya kupandia. Anayechukua mbegu ya kupandia na kuipandikiza tena kwenye nafaka mpya, kisha hiyo tena kwenye nyingine, anauchosha utando huku akizidisha bakteria na ukungu uliojificha tangu hatua ya kwanza. Ndiyo njia rahisi ya kugeuza pakiti moja kuwa mia, na ndiyo sababu sehemu hiyo haiandikwi.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii: kabla ya kugusa mabua, chukua punje 20 kutoka katikati ya pakiti, ziweke kwa mikono safi kwenye chupa ya kioo yenye kadibodi iliyochemshwa na kukamuliwa, funika kwa pamba, iache kivulini. Mbegu hai hurusha nyuzi nyeupe kwenye kadibodi ndani ya siku tatu hivi. Nilifanya hivyo kwa pakiti zangu nikiwa nimechelewa: punje tatu tu ndizo zilizorusha nyuzi, na siku ya tano chupa nzima ilikuwa ya kijani.

Ukiacha chupa na nauli ya Tengeru, nimetumia jumla ya shilingi 134,000: mbegu na usafiri 67,000, mabua na guta 35,000, kuni 20,000, mifuko, pamba na spiriti 12,000. Ninazodai ni zile 67,000 tu, kwa kuwa mabua na kuni nilivitumia kwa uamuzi wangu, hata kama uamuzi huo niliufanya kwa neno lake. Pakiti ya 12 sijaifungua. Ipo kwenye ndoo yenye mfuniko, pini zake zote zikiwa mahali pake, na muuzaji akitaka kuja kuifungua mbele yangu na mbele ya mtaalamu yeyote atakayemchagua yeye mwenyewe, ajue daftari langu na risiti ya basi vipo mezani. Waliouziwa kama mimi, naomba muandike hapa chini tarehe mliyonunua, mlichokiona mlipofungua, na jibu mlilopewa.