Deni la koperative limepangwa upya kwa miezi 18: nyumba itakula nini?

Mama wa Katuba

Jambo wandugu. Tuko watu 7 nyumbani, hapa Lubumbashi: bwana, mimi na watoto 5. Watatu wako shule ya msingi ya serikali, wawili sekondari. Tumetia sahihi mpango mpya wa kulipa deni la koperative ya akiba na mikopo: dola 95 kila mwezi kwa miezi 18, na kila mwezi tulipe kabla tarehe 5 haijapita. Parseli (kiwanja chetu na nyumba) ni yetu, na ndiyo tuliyoweka dhamana. Mshahara wa bwana unaingia kwa franka, sawa na dola 310 hivi, kati ya tarehe 28 na tarehe 2. Mimi nauza ndakala (dagaa wakavu) na maharagi sokoni, faida ni kama dola 75 kwa mwezi. Tupange namna gani chakula, masomo na matanga bila kuvunja mpango? Na je, naweza kuingia likelemba, ule mchango wa kikundi ambao kila mtu anapokea pesa kwa zamu?

Mtunza Hesabu, Kampemba

Mama, inawezekana, lakini mtabanwa. 310 na 75 ni 385. Toa 95, zinabaki 290. Kwa miezi 18 hiyo 290 ndiyo mapato yenu, na hata mnapozungumza nyumbani msitaje tena 385.

Deni liko kwa dola, mshahara uko kwa franka, na hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Siku mshahara unapoingia, badilisha siku hiyohiyo franka za kutosha dola 95, kabla hata ya kununua chumvi. Ukingoja tarehe 5 na kiwango kikasogea, utatafuta dola 2 au 3 ambazo zilikuwa za makala (mkaa). Kwa mbadilishaji, kagua kila noti kwenye mwanga. Iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu au yenye doa wataikataa kwenye dirisha la koperative, na malipo yatalala. Ukilipa kwa simu, weka pesa ya makato juu yake. Zikifika 94, kwenye kompyuta yao bado unadaiwa, na faini inaanza kuhesabika ijapokuwa ulituma tarehe 1. Kila mara chukua risiti, andika namba yake kwenye daftari, na uipige picha, kwa sababu wino wa risiti hizo unafifia.

Zile 290 ningezigawa hivi: 150 chakula, 25 makala, 15 maji na umeme, 26 usafiri, 45 masomo, 15 dawa, na 14 zisiguswe. Hizo 14 msiziite akiba ya sikukuu. Ndani ya miezi 7 zinakuwa 98, yaani mwezi mmoja wa deni umeshalipwa kabla haujafika, na mshahara ukichelewa hamtakimbilia kukopa.

Kwenye chakula, nunua unga kwanza. Watu 7 wanaokula bukari (ugali) mara mbili kwa siku wanamaliza karibu kilo 2 na nusu, basi ni mifuko 3 ya kilo 25 kwa mwezi. Inunue yote mshahara unapoingia. Ukinunua kwa kopo kila jioni, kilo ileile unailipa bei ya juu zaidi na hutambui. Huku kwetu Haut-Katanga mahindi yanashuka bei baada ya mavuno, kuanzia Aprili au Mei, na yanapanda kuanzia Desemba mpaka mvua ziishe. Mkiweza, mwezi wa Juni nunueni punje za miezi miwili au mitatu, msagishe kidogo kidogo. Punje ziwe kavu kabisa: ukiuma, ipasuke kwa sauti. Ikibonyea chini ya jino, mfuko utaota ukungu na fukusi wataumaliza. Mkikoboa, robo hivi ya uzito inakwenda na pumba. Mkisaga bila kukoboa mnabaki na karibu kilo zote, ila unga huo haukai muda mrefu, kwa hiyo sageni wa wiki mbili tu.

La mwisho, na hili naliona kubwa kuliko yote: mtaji wa meza yako usichanganywe na pesa ya nyumba. Uwe na mikoba miwili. Jioni toa kwanza pesa ya kununulia mzigo wa kesho, na inayobaki ndiyo faida. Maharagi ya mezani yakipikwa nyumbani, yaandikwe na yalipwe kutoka zile 150. Mtaji ukiliwa, 75 inapotea na mpango mzima unaanguka.

Likelemba, kwa maoni yangu, hapana. Ni deni la pili.

Yaya wa Ruashi

Papa Mtunza Hesabu amesema vizuri, lakini kwa likelemba sikubaliani naye moja kwa moja. Inategemea zamu. Watu 8, dola 5 kila mtu kwa mwezi, na Mama aombe kupokea Agosti: 40 zinaingia kabla ya shule kufunguliwa Septemba, na zile 5 zinatoka ndani ya 45 za masomo. Hapo inasaidia. Ile ya kila siku pale sokoni ndiyo ya kukwepa, maana siku mauzo yakiwa mabaya utatoa mtaji.

Masomo: kwa wale watatu, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na utekelezaji ulianza mwaka wa shule wa 2019. Wakiomba pesa, ombeni risiti yenye muhuri na mwulize ni ya nini. Kwa wale wawili, bwana aende kwa prefe (mkuu wa shule ya sekondari) mapema, kabla watoto hawajarudishwa nyumbani, aombe kulipa kila mwezi badala ya kwa muhula.

Kuhusu matanga, kaeni na bwana mpange kiasi kimoja kwa ndugu wa karibu na kingine kwa jirani, na wakubwa wa familia pande zote mbili wajulishwe leo, wakati hakuna kilio. Ukimwambia shemeji siku ya msiba kwamba mna deni, ataona mnakimbia. Akijua mapema, atakutegemea kwa kupika na kuchota maji, na hiyo ni heshima kamili kwa marehemu.

Maharagi yalowekeni usiku kucha. Yanaiva haraka, na makala mtaona yanabaki.

Agenti wa Mikopo wa zamani, Kamalondo

Mama, soma tena karatasi mliyotia sahihi. Tafuta mistari mitatu: faini za zamani zimefutwa au zimeongezwa kwenye deni, pesa inayoingia inakwenda kwanza kwenye faini, riba au deni lenyewe, na ukichelewa mara ngapi mpango unavunjika. Kama haisemi, waandikie na uombe jibu la maandishi. Bila hayo, kulipa nusu ya 95 hakusimamishi faini.

Mwezi ukionekana kuwa mgumu, nenda kabla ya tarehe 5. Barua nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokea na ibaki kwako. Usiombe "mnisamehe", omba mwezi huo upelekwe mwisho wa mpango, na utaje tarehe ya kuendelea. Pesa usimkabidhi agenti anayepita nyumbani. Lipa dirishani.

Wakikataa kila kitu, sheria ipo. Congo yetu (RDC) iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na Ibara ya 39 ya sheria yake ya kudai madeni inamruhusu hakimu, akiangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, kusogeza au kugawanya malipo kwa muda usiozidi mwaka 1. Anaweza pia kuamuru malipo yapunguze kwanza deni lenyewe. Deni la matunzo ya familia halimo katika ruhusa hiyo.

Mama wa Katuba

Aksanti sana, Papa, na Yaya pia. Bwana anaweza kupata pesa ya ziada Desemba. Tulipe deni mapema?

Agenti wa Mikopo wa zamani, Kamalondo

Kwanza jazeni ile pesa isiyoguswa mpaka itoshe deni la mwezi mmoja, 95 kamili. Inayozidi, lipeni pamoja na barua inayosema wazi kwamba ipunguze deni lenyewe. Bila barua wataihesabu kama malipo ya Januari, na riba itabaki vilevile. Uliza pia kama akiba yenu, ikiwa koperative imeizuia, inaweza kulipa miezi ya mwisho. Siku ya kumaliza, msitoke bila karatasi ya kwamba deni limeisha na hati za parseli mkononi. Kama rehani iliandikwa kwa Conservateur (msajili wa hati za ardhi), ombeni ifutwe kwenye kitabu chake pia.

Mama wa Katuba

Tumeelewa. Leo jioni tunafungua daftari.