Naenda Disney World peke yangu siku tatu. Kupanda naweza, kula mwenyewe ndiyo mtihani. Naombeni ushauri

Mkoba Mmoja (mleta uzi)

Habari za humu wadau.

Nina miaka 46, mama wa vijana wawili ambao siku hizi hawataki kuonekana na mimi mahali popote penye kamera. Oktoba hii kazini wananipeleka Orlando, Florida, kwenye mkutano wa siku nne. Wenzangu wataondoka siku ya kufunga, mimi nimeombea likizo siku tatu za ziada. Tiketi za bustani tatu za Disney World nimeshakata: EPCOT, kesho yake Animal Kingdom, ya mwisho Magic Kingdom. Nilikuwa niende na mdogo wangu, lakini kahamishwa kikazi ghafla, likizo yake imeota mbawa. Nimebaki mwenyewe.

Sasa wasiwasi wangu si kutembea, wala si rolakosta, zile treni za kuporomoka kwa kasi. Ni meza. Mwaka jana kwenye safari nyingine ya kazi niliingia mgahawa mmoja jioni, binti wa mlangoni akaniuliza, "Mmoja tu?" Hiyo "tu" ilinikaa rohoni. Akanipeleka kwenye meza iliyobanwa na mlango wa jikoni, halafu akaanza kuondoa vyombo vya mtu wa pili ambaye hayupo: glasi, sahani, uma, kisu, kimoja kimoja, mbele ya macho yangu. Niliagiza supu, nikaimeza ya moto, nikarudi chumbani kula biskuti.

Kwa hiyo naomba walioenda peke yao waniambie. Mlikula wapi bila kujiona kama mmesusiwa? Ukipanda vile vyombo vya michezo mkoba anashika nani? Ukiwa mezani ukabanwa na haja, unafanyaje? Na picha je? Msinicheke, nimeuliza kwa nia njema.

Mzee wa Foleni

Karibu sana dada. Naanza na mkoba kwa sababu ni rahisi. Kwenye bustani za Disney sehemu nyingi unapanda nao, unauweka miguuni au kwenye kimfuko kilicho mbele yako. Beba mdogo wenye zipu. Wenye masharti zaidi ni jirani zao Universal, bustani za kampuni nyingine, ambako baadhi ya rolakosta hupandi na kitu, lazima ukifungie kabatini.

Sasa raha ambayo wenye familia hawaipati: foleni ya mtu mmoja mmoja. Chombo kina viti viwiliwili, familia ina watu watatu, kiti kimoja kinabaki wazi. Hapo ndipo wanapomwita aliye peke yake. Rolakosta ya Expedition Everest pale Animal Kingdom wanayo. Niliwahi kuona ubao wa foleni ya kawaida unasoma dakika 60, mimi nikapita ndani ya robo saa, nikazunguka nikarudi tena. Siku nyingine wanaifunga, kwa hiyo ukifika muulize mhudumu wa getini.

Ubaya wake huchagui kiti. Kwa mfano Smugglers Run, mchezo wa kurusha meli ya anga kule Hollywood Studios, bustani yao nyingine, ina viti sita: marubani wawili, wapiga risasi wawili, mafundi wawili. Ukitokea foleni ya mmoja mmoja jiandae kuwa fundi, unakaa nyuma unabonyeza vitufe huku watoto wa watu wanaigonga meli kila ukuta. Mimi nilicheka mpaka nikatokwa machozi.

Kijiko Kimoja

Dada yangu, hilo la vyombo kuondolewa nalijua. Nimesafiri peke yangu miaka mingi na nikwambie ukweli: saa ndiyo inayokuumiza, meza haina kosa. Ukiingia mgahawa saa moja na nusu jioni umeingia katikati ya familia, wapenzi na keki za kuzaliwa. Ingia saa tisa alasiri. Ukumbi una nafasi, mhudumu hana haraka ya kukuondoa, na meza ya dirishani wanakupa bila manung'uniko. Huo ndio uwe mlo wako mkubwa. Jioni unakula kitu kidogo huku unatembea.

EPCOT kwa mtu mmoja ni kama ilijengwa kwa ajili yako. Kule nyuma kuna njia inayozunguka ziwa, mzunguko kama kilomita 2, na nchi 11 za kuigiza zimepangwa kandokando, kuanzia Meksiko hadi Kanada. Nyingi zinafunguliwa saa tano asubuhi, kwa hiyo usiwahi kule alfajiri ukakuta milango. Na Oktoba unakutana na tamasha lao la chakula na mvinyo: vibanda vimetapakaa, kila kimoja kinauza sahani ndogo za matonge mawili matatu. Watu wote wanakula wamesimama. Hakuna atakayejua umekuja na nani! Watano wakiwa pamoja wanabishana waende kibanda kipi, wewe umeshamaliza cha tatu.

Ukitaka kukaa, yapo mambo mawili. La kwanza ni kaunta ya baa. Si lazima unywe pombe, mimi sinywi; naagiza soda na chakula kamili. Kaunta viti vyote vinatazama upande mmoja, hakuna kiti kitupu kinachokukodolea macho. La pili ni meza ya pamoja. Pale Japani kuna Teppan Edo, mpishi anakaanga mbele yenu kwenye bamba la moto na mnakaa mduara mmoja na msiofahamiana. Kama hupendi kuzungumza na wageni usiende. Mimi nilikaa na bibi mmoja na wajukuu zake wanne, nikaishia kumkatia mdogo nyama.

Kuhusu kubuku: meza zinafunguliwa siku 60 kabla. Ukitafuta ya mtu mmoja ukakosa, usikate tamaa, angalia tena jana yake usiku na asubuhi yenyewe, watu wanaghairi sana. Nawe ukighairi fanya mapema, ukichelewa wanatoza kwa kichwa. Angalau wewe una kichwa kimoja.

Haja: kabla ya kuagiza, nenda. Ikikubana katikati mwambie mhudumu unarudi, acha kofia au kitambaa kitini, simu na pochi ondoka navyo. Kwenye sehemu za kujihudumia agiza kupitia programu yao ya simu, tafuta kiti karibu na dirisha la kuchukulia, kisha ndipo ubonyeze kuwa umefika. Hutazunguka na sinia kama kipofu.

Mwisho, bei ya kwenye menyu si utakayolipa. Ongeza kodi asilimia 6.5, na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 kama umehudumiwa mezani. Maji ya baridi kwenye vibanda vinavyouza soda za bomba ni bure, omba tu.

Chongo la Furaha

Mtu mzima peke yake Magic Kingdom, watu watadhani umepoteza mtoto. Ndani ya saa moja utakuwa umeulizwa mara tatu rangi ya shati lake 😂

Mkoba Mmoja (mleta uzi)

@Chongo la Furaha nimepoteza wawili, wako nyumbani wanacheza gemu.

@Kijiko Kimoja ubarikiwe. Hilo la saa tisa sikuwahi kulifikiria. Vipi kifungua kinywa kile cha kukaa na akina Mickey?

Kijiko Kimoja

Kile wahusika wanapita meza kwa meza. Familia ya watu sita wanagawana dakika zao, wewe unazipata zote. Kama una haya, dakika moja na panya mkubwa asiyeongea, anayekushika mkono, ni ndefu mno. Bei yake ni ya jumla, ule usile. Mimi ningepita.

Baba Watatu

Naomba niwe mchawi wa uzi huu. Wote mnamwambia raha tupu. Mimi nilienda mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, mchana ulipita vizuri, tena vizuri sana. Ikaja saa ya fataki pale Magic Kingdom, mbele ya kasri. Mbele yangu baba kambeba binti begani, pembeni wazee wawili wameshikana mikono. Nikapiga simu ya video nyumbani, mtandao umezidiwa na maelfu ya watu wanaofanya hivyohivyo. Picha ikaganda kwenye paji la uso la mke wangu. Nikaondoka fataki hazijaisha.

Sisemi usiende. Nasema panga ile saa moja. Kama unajijua una moyo mwepesi, zitazame ukiwa mbali, ng'ambo ya ziwa kule kwenye gati la feri, au uwe unatembea kuelekea getini. Na siku tatu mfululizo mwenyewe ni nyingi, pumzika nusu siku hotelini.

Mzee wa Foleni

Kaka hapo umesema kweli. Ila mimi fataki nazipenda nikiwa mwenyewe, kwa sababu mtu mmoja anapenya. Familia inakaa chini saa nzima kulinda nafasi, mimi nafika dakika kumi kabla najichomeka pembeni ya nguzo ya taa.

Kalenda Mkononi

Wote mmesahau jambo moja na ndilo litakalomlaza na viatu. Mleta uzi, umesema Oktoba na umesema Magic Kingdom. Mwezi huo kuna usiku kadhaa wa sherehe ya Halloween yenye tiketi yake tofauti. Siku hizo mwenye tiketi ya kawaida anatakiwa kutoka saa kumi na mbili jioni, na fataki haoni. Angalia tarehe yako LEO. Kama imeangukia siku ya sherehe una mawili: badilisha, au iache hivyohivyo, maana watu wengi huikwepa na mchana foleni hupungua.

Mkoba Mmoja (mleta uzi)

Nimeangalia. Imeangukia siku ya sherehe. Nilikuwa nibadilishe, lakini baada ya kumsoma Baba Watatu naiacha. Saa kumi na mbili wananitoa wenyewe, na maumivu ya fataki wananipunguzia.

Sasa Animal Kingdom. Nasikia kuna mambo ya kwetu kule?

Nahodha wa Nchi Kavu

Yapo, na utacheka. Kuna kijiji kinaitwa Harambe, ndiyo, kwa "e" moja. Waliokibuni walichukua mengi kutoka Lamu: kuta zilizochakaa makusudi, milango, mabango ya Kiswahili. Tangu bustani ifunguliwe 1998 watu wanapiga picha mabango yale bila kujua yanasemaje. Simama uyasome, ni burudani ambayo mwenye foleni ya mbele yako hana. Palepale ndipo lori la safari linapoanzia, na simba, twiga na vifaru ni wa kweli.

Lakini ushauri wangu hasa ni huu. Usile mle ndani. Panda basi la bure mpaka Animal Kingdom Lodge, hoteli yao ya mwaka 2001. Si lazima ulale pale. Ina migahawa inaitwa Jiko, Boma na Sanaa. Sanaa iko jengo la Kidani Village, madirisha yake yanatazama uwanda wenye wanyama. Nenda wakati wa mwanga, Oktoba jua linazama karibu na saa moja jioni na baada ya hapo dirisha ni kioo cheusi. Agiza ule mkate: aina 5 za mikate ya Kihindi na michuzi 9. Ni wa kugawana, lakini nani atakuuliza?

Picha usihangaike. Wapigapicha wao wenye vizibao wamesimama kila kona yenye mandhari, mpe simu yako akupige, hatozi.

Mkoba Mmoja (mleta uzi): MREJESHO

Nimerudi wadau, nilichelewa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

EPCOT nilikula nchi sita. Ule mkate mtamu wa Norwei wenye kastadi katikati na nazi juu niliula nimekaa kwenye ukuta mfupi kando ya maji, nikarudi nikanunua mwingine. Siku nzima sikuulizwa niko na nani.

Everest nilipita foleni ya mmoja mmoja, nikakalishwa na mvulana kama wa miaka 12, baba yake kiti cha nyuma. Treni ikafika juu, reli mbele imeng'olewa, tukasimama. Mtoto akaniuliza kama najua kinachofuata. Nikamwambia sijui. Tulipoanza kurudi kinyumenyume gizani alikuwa ameshika mkono wangu, au mimi wake, tusigombane.

Magic Kingdom walinitoa saa kumi na mbili kama mlivyosema. Nilivuka kwa feri, nikala sandwichi niliyotoka nayo hotelini. Ilitosha.

Sasa Sanaa. Nilifika saa tisa na nusu. Kijana wa mlangoni akauliza, "Mmoja tu?" Nikajibu, "Mmoja." Akanipa meza ya dirishani ya watu wawili. Mhudumu akaja, akanyoosha mkono kuondoa vyombo vya pili. Nikamwambia aviache. Akaniuliza kama kuna mtu anakuja. Nikamwambia unakuja mkate. Ulipofika, na vile vibakuli tisa vyote, ilibidi sahani ya pili itumike kweli, na meza bado haikutosha, chupa ya maji nikaiweka kitini.

Twiga alipita mara mbili. Picha ninayo ila kioo kimerudisha sura yangu, nimejaza shavu.

Mzee wa Foleni

Iweke hiyo picha humu. Na michuzi yote tisa uliimaliza?

Mkoba Mmoja (mleta uzi)

Saba. Miwili nilifungiwa, nikapanda nayo basi, basi zima likanukia. Picha siweki.