Nimemaliza saikolojia, nataka kusaidia waraibu: nianzie utafiti au tiba?

Mwanasaiko: Habari zenu wakuu. Nina shahada ya saikolojia na moyo wangu uko kwa waraibu. Nafasi ni mbili: uzamili wa utafiti, au kujitolea kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga, chini ya mshauri nasaha. Naogopa kukosea, usingizi sipati. Mnanishaurije?

Kazamoyo: Mjomba wangu aliacha unga kwa maombi tu. Vijana mnasoma sana, mnasali kidogo.

Nesi Tumu: Nenda kliniki. Nimekaa sana dirisha la dozi. Mtu anakuja na arosto, anatetemeka, makamasi yanamtoka. Dozi ikishakaa sawa anaanza kuulizia wanawe. Methadoni inamshika siku nzima, ndiyo maana akili yake inapata nafasi ya kuwaza kingine. Ukiyaona hayo, swali la utafiti litakuja lenyewe.

Dodosa: Dole na Nyswander, waliochapisha matokeo ya tiba hiyo mwaka 1965, mmoja alikuwa mtafiti wa kimetaboliki, mwenzake daktari wa akili. Njia hizo hazigombani. Ila hujasema kwa nini kliniki hiyo hasa.

Mwanasaiko: Hilo si muhimu.

Dodosa: Sema tu.

Mwanasaiko: Kaka yangu anakunywa dozi pale. Lakini sitamhudumia yeye, nitashika wengine. Na fomu nimeshasaini.

Dodosa: Kumbe umekuja kuomba baraka.

Nesi Tumu: Mdogo wangu, hapana. Faili lake utakutana nalo. Akiruka dozi utajua kabla ya familia, na huruhusiwi kuwaambia. Utakaa nao mezani ukilijua hilo?

Chachandu: Chai hii. Uzi wa juzi ulisema wewe ni mtoto wa pekee.

Mwanasaiko: Wa pekee kwa mama. Huyu ni wa baba mkubwa, tumelelewa nyumba moja. Nani atatunga kumkuta ndugu yake chooni, midomo ya bluu, hapumui vizuri?

Chachandu: Watu wanatunga makubwa zaidi ya hayo.

Kazamoyo: Ndiyo maana nikasema maombi.

Nesi Tumu: Chai au si chai, mwambie msimamizi ukweli, akuombee kliniki nyingine. Ukifika huko, jifunze mahojiano ya kuhamasisha, njia aliyoianzisha William Miller mwaka 1983: unamsaidia mtu ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, humhubirii. Na nyumbani mna naloksoni? Ndiyo inayorudisha pumzi unga ukizidi.

Mwanasaiko: Hatuna, kesho naiulizia. Kuhama nitafikiria, dada. Ila pale ndipo waliponikubali.