Tupeane uzoefu: Ulipokwama kimaisha, watu wa dini au jamii yako walikushikaje mkono?

#1 (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, salaam. Kila dini inahimiza kusaidia maskini, hilo halina ubishi. Ninachotaka kusikia ni ile siku ambapo wa kusaidiwa ulikuwa wewe. Walikujaje? Naanza mimi. Mume wangu alipofariki, kanisa lilinichangia, na ile fedha ilitulisha kweli. Lakini jina langu na kiasi nilichopewa vilitangazwa ibadani, wanangu wamekaa pale pale. Wa kati mpaka leo hataki nitaje habari hiyo.

#2
Pole sana mama. Mimi ni Muislamu, biashara ilizama nikabaki na madeni. Nilidhani zaka ni ya wajane na ombaomba tu. Imamu akanifungulia Sura At-Tawba, aya ya 60: wanaostahiki ni makundi 8, na wenye madeni wamo. Ile asilimia 2.5 anayotoa mwenye mali si hisani yake, ni haki yangu! Deni likalipwa kimyakimya. Mwaka juzi mali yangu ilifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachompasa mtu kutoa zaka, mwaka ukatimia, nikatoa zaka yangu ya kwanza. Nililia.

#3
Sina dini, ila enzi za uanafunzi nilikula miezi mingi kwenye hekalu la Masingasinga. Jiko lao la bure, langar, lina historia ya takriban miaka 500, tangu Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao. Hakuna anayekuuliza dini wala shida yako. Mnakaa chini mstari mmoja, daktari na mimi. Baadaye nikaanza kuosha vyombo pale, na aibu ikaniisha.

#1
Kuosha vyombo! Mimi sikupewa nafasi ya kurudisha chochote.

#4
Kwetu Wayahudi, mwanazuoni wetu Maimonides aliyeishi karne ya 12 alipanga ngazi 8 za kutoa. Mtoaji na mpokeaji wasipojuana, hiyo ni ya pili kutoka juu. Ya juu kabisa ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye au kumpatia kazi, asihitaji tena kuomba. Baba yangu aliinuliwa hivyo: mwenzake wa sinagogi alimwingiza ubia kwenye karakana.

#5
Mimi niliambiwa nisikilize mahubiri kwanza ndipo nipewe chakula. Nilisikiliza, nina watoto. Ila siku ile sikuweza kuomba dua hata moja ya kweli.

#1
Nimemsomea wa kati haya yote. Ameniuliza hekalu la namna hiyo liko wapi, naye akaoshe vyombo.