Sukari ya asubuhi inapanda ingawa usiku ninakula kidogo: naomba ushauri wa kupanga maisha ya kila siku na kisukari

Mwalimu wa Nkuhungu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini, nina mume na watoto, na mwaka huu daktari alinieleza kwamba nina kisukari aina ya pili. Nilianzishiwa metfomini asubuhi na jioni, nikaelekezwa masuala ya chakula kwa kifupi kwa sababu foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, kisha mume wangu akaninunulia kipima sukari.

Dawa ninameza kama nilivyoelekezwa. Kinachonisumbua ni siku zilizo katikati ya kliniki moja na nyingine, kwa kuwa ndani ya siku hizo hakuna wa kumuuliza na kila anayenitembelea ana maoni yake. Jioni nimeacha chakula kizito, ninakunywa uji wa lishe pekee kisha ninalala, lakini asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni kipimo kinasoma 9 au 10 (milimoli kwa lita), na mara nyingine kinazidi kile cha kabla ya kulala. Ninashindwa kuelewa sukari hiyo inatoka wapi ilhali usiku kucha sikula.

Jambo la pili ni mezani. Tunaishi na mama mkwe wangu kutoka Mpwapwa, na chakula chetu kikuu ni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, tunaokula pamoja kwenye sinia. Yeye na majirani wananihakikishia kwamba nafaka hizo hazina sukari na kwamba nikitaka kitu kitamu nitumie asali ya Manyoni badala ya sukari ya dukani. Sipendi kupikiwa chungu changu peke yangu, lakini pia sitaki kujidhuru kwa kuona haya. Mwisho, vijiti vya kupimia ni ghali na siwezi kupima kila saa. Je, nipime wakati gani ili kipimo kinisaidie kweli?

Mstaafu wa Kondoa

Pole mwanangu, na hongera kwa kuuliza mapema. Nimeishi na ugonjwa huu tangu nikiwa kazini, nikiendesha magari ya masafa marefu, na naomba nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonifungulia mengine yote.

Watu wengi hupima asubuhi tu, wakaiona namba, wakafurahi au wakahuzunika, na hawajui la kufanya kuhusu namba hiyo. Mimi nilifundishwa na daktari mmoja kupima kwa jozi. Unachagua mlo mmoja unaotaka kuuelewa, unapima kabla hujaanza kula, kisha unapima tena saa mbili baada ya kuanza kula, na unaandika kwenye daftari ulichokula na kiasi chake. Juma linalofuata unachagua mlo mwingine. Kwa namna hiyo vijiti vichache vinakufundisha jambo ambalo boksi zima haliwezi kukufundisha ukipima ovyo, yaani ni chakula gani, na kwa kiasi gani, ambacho mwili wako mwenyewe unakimudu. Mimi kwa mfano niligundua kwamba wali unanipandisha kuliko ugali wa mtama, na kwamba chai ya asubuhi pamoja na chapati mbili ilikuwa inaniharibia siku nzima. Wewe unaweza kukuta tofauti, ndiyo maana daftari langu halitakufaa wewe.

Ukienda kliniki nenda na daftari hilo. Utaona namna mazungumzo yenu yatakavyobadilika.

Muuguzi wa Kliniki

Mwalimu, mzee amesema kweli, nami ninaongezea kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Sina majalada yako, kwa hiyo kiwango cha dawa nawaachia wanaokutibu, nitaeleza yaliyobaki.

Kwanza, sukari ya asubuhi. Ini huhifadhi sukari na kuitoa mtu anapokuwa hajala, ili ubongo na viungo vingine visikose nguvu. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, na homoni hizo huliagiza ini litoe sukari zaidi. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho huongeza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na mambo yanakaa sawa, lakini kwenye aina ya pili insulini haifanyi kazi ipasavyo, hivyo sukari inapanda ingawa mtu amelala na njaa. Kujinyima chakula cha usiku hakulizuii ini kufanya kazi hiyo, na metfomini uliyopewa kazi yake kubwa ni kulipunguzia ini utoaji huo wa sukari, ndiyo maana usiiache hata siku unayohisi kwamba haisaidii. Imeze pamoja na chakula au mara baada ya kula, tumbo halitakusumbua sana.

Lakini kabla ya kulilaumu ini, pima jioni moja wakati wa kulala na asubuhi yake mara unapoamka, na urudie hivyo jioni nyingine chache. Kama ya kulala tayari iko juu, basi tatizo limeanzia kwenye chakula cha jioni, na hapa lazima niuseme uji. Uji wa lishe ni unga uliosagwa laini sana, ukapikwa hadi ukalainika zaidi, kisha unanywewa, kwa hiyo hausubiri tumboni. Unapita na kugeuka sukari kwa kasi, hasa ukitiwa sukari. Mtu anayekunywa uji mtupu akidhani amejinyima anaweza kupanda kuliko aliyekula ugali kidogo kwa kunde na mboga nyingi. Ningekushauri urudi kwenye chakula cha kutafuna: mboga zijaze nusu ya sahani, robo iwe maharage, choroko, njugu mawe, samaki, mayai au kuku, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, kama ukubwa wa ngumi yako. Ule mapema, kisha utembee kwa dakika kumi na tano, hata kama ni kuzunguka uwanja wa nyumba, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu bila kudai insulini nyingi.

Kuhusu uwele na mtama, majirani wamekosea katika sehemu moja muhimu. Nafaka hizi ni wanga kama yalivyo mahindi, na wanga wote huishia kuwa sukari mwilini. Zikisagwa bila kukobolewa zina nyuzi nyingi kuliko sembe, na nyuzi hupunguza kasi, kwa hiyo ni chaguo zuri, mradi tonge zihesabiwe. Mlenda nao ni rafiki yako, kwa sababu ule utelezi ni nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Angalia tu magadi. Wengi wetu huku Ugogoni tunaupika mlenda kwa magadi, na magadi yana sodiamu kama chumvi, wakati wagonjwa wa kisukari wengi wana shinikizo la damu pia au wako njiani kulipata. Punguzeni magadi na chumvi nyumba nzima. Mama mkwe naye, kwa umri wake, atanufaika.

Asali ya Manyoni ni asali nzuri, lakini ni sukari. Ukiitia kwenye chai kwa kuamini kwamba ni dawa, kipimo cha jozi alichokueleza mzee kitakuonyesha mwenyewe.

Jambo moja dogo ambalo huwapotosha wengi hapa kwetu msimu wa zabibu: nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kujichoma. Ukiwa umeshika zabibu au tunda lililomenywa, utamu unaobaki kidoleni huingia kwenye tone la damu na kipimo husoma namba ya juu isiyo yako. Vijiti navyo vikae ndani ya kopo lake lililofungwa, mbali na jua.

Mdau wa Bahi

Dada, usijifunge kwenye vidonge vya maisha. Chemsha majani ya mlonge pamoja na mwarobaini, kunywa asubuhi na jioni, na sukari itashuka. Mjomba wangu aliacha dawa za hospitali na anaendelea vizuri.

Muuguzi wa Kliniki

Ndugu wa Bahi, ninakuheshimu na ninajua unamtakia mema. Lakini tatizo la ushauri huo ni kwamba sukari iliyo juu kwa kiasi inaweza isimuumize mtu kabisa kwa muda mrefu, huku ikiharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. "Anaendelea vizuri" bila kipimo ni hisia tu. Mjomba aende apimwe, na aombe kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Majani ya mlonge yakiliwa kama mboga hayana ubaya. Kuyafanya yashike nafasi ya dawa, au kunywa michanganyiko michungu juu ya vidonge bila kumwambia daktari, ni hatari ambayo sisi huiona wodini, na wanaoletwa wengi huwa wamechelewa. Naomba mwalimu asiache dawa yake.

Mume wa Mgonjwa, Kizota

Mimi mke wangu ndiye mwenye kisukari, na nitasema kuhusu sinia tu. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Tonge zinakwenda na mazungumzo. Sisi hatukuliacha sinia, tulibadilisha utaratibu. Mboga na maharage vinapikwa kwa wingi na vinaletwa kwanza, ugali wake unakatwa pembeni ukiwa na kipimo chake, kisha sote tunakula pale pale kwa pamoja. Watoto hawajawahi kuuliza kwa nini. Soda tuliiondoa nyumbani kwa wote, kwa sababu haikuwa haki kumtaka mtu mmoja awe na nguvu ya kukataa kitu ambacho wengine wanakinywa mbele yake kila siku.

Kwa mama mkwe, ushauri wangu ni kwamba mume wako ndiye azungumze naye, akiwa mwanawe. Wazee wetu humkirimu mtu kwa kumwongezea chakula, na akikataa mkwe inaweza kuonekana ni dharau, lakini mwanawe akisema "mama, daktari ameagiza" jambo linapokelewa. Ikiwezekana siku ya kliniki mama aende pamoja nawe, asikie mwenyewe.

Mwalimu wa Nkuhungu

Shikamoo mzee wetu wa Kondoa, na ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimefuata maelekezo. Nimekuta kwamba sukari ya wakati wa kulala ilikuwa inafika 12 siku za uji, na siku nilizokula ugali kidogo kwa choroko na mlenda, kisha nikatembea na mume wangu hadi barabarani na kurudi, ilikuwa chini ya 9. Ya asubuhi imeshuka kidogo lakini bado haijafika chini ya 7. Mume wangu amezungumza na mama, naye sasa ndiye anayewakataza wageni kuniletea asali.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Shuleni ninasimama darasani tangu asubuhi, na rafiki yangu anasema wagonjwa wa kisukari lazima watembee na pipi kwa kuogopa kuanguka. Je, nami ni hivyo? Na nikienda kliniki niombe vipimo gani?

Mstaafu wa Kondoa

Marahaba mwanangu. Pipi ni yangu mimi, kwa sababu ninatumia glibenklamaidi, ambayo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama sijala. Nikichelewa mlo natetemeka, natoka jasho la baridi na akili inachanganyikiwa. Hapo nakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nakunywa, napima tena baada ya dakika kumi na tano, kisha nakula. Kwa sababu hiyohiyo huwa nafika kliniki kabla ya Ramadhani kuzungumzia funga. Siamui peke yangu.

Muuguzi wa Kliniki

Ni sahihi. Metfomini ikitumika peke yake ni nadra kumshusha mtu kiasi hicho, lakini wakikuongezea dawa nyingine uliza swali moja kabla hujatoka chumbani: "Hii inaweza kunishusha?" Chini ya 4 ndipo pa kuchukua hatua alizozieleza mzee. Na kama asubuhi itabaki juu ya 7 baada ya kurekebisha chakula cha jioni, hiyo si aibu yako wala si uzembe. Ni taarifa kwa daktari kwamba dawa inahitaji kuangaliwa upya.

Vipimo vya kuomba ni wastani wa sukari wa miezi mitatu, shinikizo la damu kila unapofika, na angalau mara moja kwa mwaka mkojo kwa ajili ya protini, damu kwa ajili ya figo, mafuta kwenye damu, na uchunguzi wa miguu. Miguu yako ikaguliwe na wewe mwenyewe pia kila jioni, hadi katikati ya vidole, kwa kuwa ardhi yetu ina mbigili na ganzi ya kisukari humfanya mtu atembee na mwiba bila kuusikia. Darasani vaa viatu vya kufunika vidole. Kaka na dada zako wa damu wapimwe nao, maana undugu huo unawaongezea uwezekano wa kuupata.

Macho yasisubiri hadi uanze kuona ukungu ubaoni. Omba rufaa ya kliniki ya macho, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, wakuwekee dawa ya kupanua mboni ili waone nyuma ya jicho. Siku hiyo usipange vipindi vya mchana, kwa sababu kwa saa kadhaa hutaweza kusoma vizuri, na mwombe mtu akusindikize kurudi nyumbani. Wakikuta macho ni mazima, waombe wakuandikie tarehe ya mwakani hapohapo.